Jicho la kushoto linaingia ndani, na miwani ya dukani imezidisha

Swali: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka minne kasoro mwezi mmoja, tunakaa Makorora hapa Tanga. Tangu alipofika miaka miwili na nusu jicho lake la kushoto huingia ndani, upande wa pua. Mwanzo ilikuwa akichoka au akitazama kitu cha karibu, kama sahani ya chakula. Sasa ni karibu kutwa nzima. Bibi yake anasema hata baba mtu alikuwa hivyo na jicho likanyooka lenyewe, nisimhangaishe mtoto. Duka la dawa walinipa matone ya jentamaisini, hayakubadili kitu. Tukaenda duka la miwani Ngamiani, akatazamishwa kwenye mashine yenye picha ya puto, wakaandika kulia −0.75, kushoto −1.00, tukanunua miwani. Hataki kuivaa, na akiivaa naona jicho linaingia zaidi. Jirani anasema nimzibe hilo jicho bovu lipumzike, mwingine anasema dawa yake ni upasuaji tu. Ana mdogo wake wa miezi minane, huyo macho yake naona sawa. Nifanye nini, na je, nimechelewa?

Jibu: Marahaba, mama. Hujachelewa. Ila miwani hiyo mvue leo, uihifadhi uende nayo kliniki, na jicho la kushoto usilizibe hata kwa dakika tano. Matone ya jentamaisini nayo acha: ni dawa ya bakteria, na hapa hakuna bakteria.

Kwa maelezo yako, jicho linaingia ndani, lilianza kwa kuja na kuondoka, lilianza kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka minne, na huzidi akitazama karibu. Hayo yanafanana sana na makengeza ya kukaza macho. Chanzo chake kwa kawaida ni jicho lililo fupi kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, ambalo mtoto huzaliwa nalo. Picha ya kitu, badala ya kutua juu ya retina, utando ulio nyuma ndani ya jicho unaopokea picha, ingetua nyuma yake. Mtoto hajui hilo. Lenzi yake bado ni laini, kwa hiyo hukaza msuli mdogo ulio ndani ya jicho, lenzi hunenepa, picha huvutwa mbele, naye anaona. Tatizo ni kwamba ubongo ukitoa amri ya kukaza lenzi, hutoa papo hapo amri ya pili: macho yasogee kuelekea pua. Sote hufanya hivyo tukitunga sindano. Mtoto mwenye namba kubwa ya kujumlisha (+), yaani jicho fupi sana, anakaza muda wote, na akitazama sahani yake anakaza mara dufu. Macho nayo husogea ndani kuliko inavyotakiwa, hadi moja likapitiliza.

Sasa ione ile mashine ya puto. Hupima jicho lilivyo kwa sekunde ile ile. Mtu mzima akitazama puto lililo mwisho wa barabara hulegeza macho. Mtoto wa miaka mitatu aliyebanwa kidevu kwenye chuma hafanyi hivyo, hukaza, na mashine hupokea lile jicho lililokazwa na kuliandikia namba ya kutoa (−), ile ya wasioona mbali. Mtoto ambaye kwa kweli ni +5.00 anaweza kutoka dukani na karatasi ya −1.00. Lenzi ya kutoa inamlazimu akaze zaidi ya alivyokuwa akikaza bila miwani, na akikaza zaidi, jicho linaingia zaidi. Ndicho unachokiona nyumbani. Mtoto anayeitupa miwani ya namna hiyo hana ukaidi.

Kabla ya kuzungumza miwani sahihi, liko jambo moja lisilorukwa. Jicho lisiloona vizuri kwa sababu yoyote hupoteza mwelekeo na kugeuka. Sababu hiyo inaweza kuwa mtoto wa jicho, kovu la retina au, kwa nadra, saratani ya retina iitwayo retinoblastoma. Saratani hii humpata takriban mtoto mmoja kati ya 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa, wengi wao hugunduliwa kabla ya miaka mitano, na dalili yake ya kwanza kwa wingi ni weupe ndani ya mboni. Ya pili ni makengeza. Maelezo ya binti yako hayaelekei huko. Lakini saratani hiyo ikigunduliwa ikiwa bado ndani ya jicho, maisha ya mtoto kwa kawaida huokolewa, na ikitoka nje ya jicho habari hubadilika. Kwa hiyo kila mtoto mwenye makengeza, hata yule ambaye sababu inaonekana wazi, lazima mboni ipanuliwe kwa dawa na daktari atazame nyuma ya jicho. Ukimaliza kliniki na hilo halijafanyika, uliza.

Nyumbani unaweza kufanya vipimo vitatu leo usiku. Havichukui nafasi ya daktari, ila vitakuambia haraka yako ni ya kiasi gani.

Cha kwanza ni picha. Zima taa au punguza mwanga, ngoja dakika mbili tatu mboni zipanuke, simama umbali wa mita moja na nusu na umpige picha kwa simu, flashi ikiwa imewashwa, akitazama simu moja kwa moja. Piga nne au tano. Ndani ya mboni zote mbili uone wekundu au rangi ya machungwa iliyofifia, inayolingana kushoto na kulia. Kwa watoto wetu weusi mara nyingi ni kahawia nyekundu, si nyekundu ya kung'aa. Mboni moja ikitoka nyeupe au ya manjano kama jicho la paka gizani, katika picha zaidi ya moja, usisubiri wiki ijayo, nenda kesho asubuhi na simu yako. Picha moja yenye weupe wakati mtoto alikuwa akitazama pembeni huenda ni mwanga uliopiga pale mshipa wa fahamu unapoingilia jichoni, jambo la kawaida, lakini hilo nalo daktari ndiye aamue.

Cha pili ni tochi. Mtu mwingine ampakate mtoto, wewe shika tochi ya simu karibu na pua yako, kama sentimita 33 hadi 50 kutoka usoni mwake. Tafuta nukta ndogo nyeupe ya mwanga juu ya kila jicho. Macho yaliyonyooka nukta zote hukaa karibu na katikati ya mboni, zikilingana. Jicho lililoingia ndani, nukta yake huhamia upande wa nje, upande wa sikio. Ikikaa kwenye ukingo wa mboni, jicho limegeuka kama nyuzi 15; ikifika katikati ya kahawia, kama 30. Kipimo hiki hutenganisha makengeza ya kweli na yale ya sura tu: mtoto mwenye mzizi wa pua ulio bapa na mpana, na ngozi iliyokunjika pembeni mwa jicho, huonekana kama ana makengeza, kumbe nukta zimelingana. Hao ndio watoto ambao "walinyooka wenyewe" pua zao zilipoinuka.

Cha tatu, ziba jicho la kulia kwa kiganja chako akiwa anatazama kitu anachokipenda. Angalia jicho la kushoto. Likiruka kutoka ndani kuja katikati ili lishike kitu kile, makengeza ni ya kweli. Kisha angalia na tabia: ukiziba la kulia analia, anasukuma mkono, anachungulia, lakini ukiziba la kushoto anaendelea kucheza kana kwamba hukufanya kitu? Basi jicho la kushoto limeanza kuachwa nyuma.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo zima. Macho mawili yasiyotazama pamoja hupeleka picha mbili tofauti. Mtu mzima angeona vitu viwili viwili. Ubongo wa mtoto una njia rahisi zaidi, huzima picha moja. Ukizima siku nyingi, ile sehemu ya ubongo inayopaswa kujifunza kuona kwa jicho hilo haijengeki. Huitwa jicho vivu, jina la kulionea tu, kwa sababu jicho lenyewe linaweza kuwa zima kabisa ukilitazama ndani. Ubongo hupokea mafunzo haya vizuri zaidi kabla ya miaka saba. Kati ya saba na kumi na mbili watoto wengi bado hupata nafuu wakitibiwa, na hata baadhi ya vijana zaidi ya hapo ambao hawajawahi kutibiwa, ila kazi huwa ndefu na malipo madogo.

Mwambie bibi kwa adabu yote kwamba hakusema uongo kuhusu mwanawe. Makengeza hukimbilia ukoo mmoja, na yapo yanayopungua kwa macho kadiri mtu anavyokua. Lakini kunyooka si kuona. Mwombe baba mtoto azibe jicho moja moja asome kibao cha duka lililo ng'ambo ya barabara. Wanaume wengi wenye historia kama yake hugundua siku hiyo kwamba jicho moja halisomi, na hawakuwahi kujua kwa sababu lingine liliwabeba. Na kama kuna anayempaka mtoto wanja ili jicho lirudi, aache. Wanja haunyooshi jicho, na ule wa manga mara nyingi una madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto.

Sasa hospitali. Anzia kliniki ya macho ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ukiwa na kadi yake, ile karatasi ya namba na ile miwani. Kikihitajika kitu zaidi, rufaa za macho ya watoto huenda KCMC Moshi, au Dar es Salaam kwa Muhimbili na CCBRT. Nenda asubuhi na mapema, mtoto akiwa ameshiba na amelala vya kutosha, maana mtoto mwenye njaa hapimiki. Usifunge safari ya mchana siku hiyo.

Unachokwenda kudai ni kupimwa kwa matone ya kulegeza. Kwa kawaida ni siklopentoleti ya 1%, tone moja kila jicho, jingine baada ya dakika tano, kisha kungoja dakika 30 hadi 45. Macho ya kahawia iliyokolea hunywa dawa polepole, kwa hiyo kuharakisha ni kosa la kawaida: mboni imepanuka, mpimaji anadhani tayari, kumbe msuli wa lenzi bado haujalegea, na namba hutoka pungufu. Kwa mtoto wa makengeza wengi wetu hupenda atropini ya 1%, ambayo mama huweka nyumbani asubuhi na jioni kwa siku tatu kabla ya kupimwa. Ikiwa ni ya mafuta, kiasi cha punje ya mchele ndani ya kope la chini kinatosha. Ikiwa ni tone, bana kwa kidole ile kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isishuke kooni. Uso ukiwa mwekundu, homa ikapanda, mdomo ukakauka, moyo ukaenda mbio au mtoto akaanza kuweweseka, acha dawa na umwahishe hospitali. Chupa ifungiwe juu. Atropini ya macho ikinywewa na mtoto mdogo inaweza kumuua. Siklopentoleti huondoka ndani ya siku moja, atropini huchukua wiki moja hadi mbili. Muda huo mwanga utamuumiza, na jua la Tanga halina huruma, mvalishe kofia yenye ukingo.

Akishalegea, mpimaji hutumia retinoskopu, mwanga mwembamba anaoupitisha mbele ya mboni huku akibadili lenzi mpaka kivuli kitulie. Mtoto hajibu chochote, hata akiwa analia kipimo hupatikana. Usikubali "tutamvalisha hii hii ya mashine, arudi akikua."

Uoni wenyewe hupimwa kabla ya matone. Katika umri wake hutumika chati ya picha au ya herufi E zinazogeuzwa. Mfundishe nyumbani mapema: kata E kubwa kwenye boksi la biskuti, mwambie ni meza yenye miguu mitatu, umgeuzie juu, chini, kushoto, kulia, naye aonyeshe kwa mkono miguu imeelekea wapi. Mtoto aliyecheza mchezo huo siku tatu hupimwa kwa dakika tano. Asiyeucheza hupotezewa miadi nzima. Karibu na miaka minne tunategemea 6/12 (asome kwa mita 6 kile ambacho jicho zuri husoma kwa mita 12) au bora zaidi kwa kila jicho, na macho mawili yasiachane mistari miwili ya chati. Jicho lisilopimwa lizibwe kwa plasta, sio kwa vidole vya mtoto, kwa sababu atachungulia na utarudi nyumbani na majibu mazuri ya uongo.

Tuseme matone yakatoa +4.50 kulia na +6.00 kushoto. Kwa makengeza ya aina hii namba hutolewa yote au karibu yote. Kupunguza "ili azoee" humwachia mtoto sehemu ya kukaza, na sehemu hiyo ndiyo inayovuta jicho. Fremu iwe ya mtoto: mboni zikae katikati ya lenzi, siyo juu karibu na nyusi. Watoto wetu wengi wana mzizi wa pua ulio chini, kwa hiyo fremu yenye daraja la pua lisilorekebishika, iliyotengenezwa kwa watoto wa Ulaya, huteremka hadi katikati ya pua na mtoto akachungulia juu yake, yaani kama hana miwani. Chagua yenye vipande laini vya pua vinavyorekebishika, ongeza mkanda wa mpira nyuma ya kichwa. Lenzi iwe ya plastiki, si ya kioo.

Miwani ikifika, ihakiki mwenyewe kabla hujaondoka dukani, au jioni nyumbani. Simama ndani ya chumba, dirisha likiwa mbele yako, ukuta mweupe au karatasi upande wa pili. Shika lenzi moja kati ya dirisha na karatasi, isogeze mbele na nyuma mpaka picha ya mti au nguzo ya umeme iliyo nje itulie kwenye karatasi, kichwa chini miguu juu. Pima kwa rula kutoka lenzi hadi karatasi. Ya +4.50 itatulia karibu sentimita 22, ya +6.00 karibu 17. Zikibadilishana, fundi amegeuza kulia na kushoto. Picha isipopatikana kabisa popote, hiyo ni lenzi ya kutoa, na umeuziwa kosa lile lile mara ya pili. Kama karatasi ya daktari ina namba ya ziada kwa jicho hilo, yenye nyuzi kando yake, picha itakuwa na ukungu kidogo upande mmoja, hilo lisikutishe. Usifanye hivi kwa jua. Lenzi ya kujumlisha huwasha moto.

Wiki mbili za kwanza ndizo ngumu. Amezoea kukaza, na anapokaza ndani ya miwani mpya huona ukungu wa mbali. Wengi hulegea polepole wenyewe. Asipolegea, daktari anaweza kumpa atropini kwa siku chache ili msuli ushindwe kukaza na miwani iwe ndiyo inayompa picha safi. Avae kuanzia anapoamka hadi anapolala, si ya shule tu. Halafu kuna jambo litakalokutisha usipoambiwa: akivua miwani, jicho litaingia zaidi kuliko lilivyokuwa kabla ya miwani. Mama wengi hapo huiweka kabatini wakisema imemharibu. Haijamharibu. Sasa amejua kuona safi ni nini, na akivua hukaza kwa nguvu zote kuitafuta picha ile. Pima kazi ya miwani akiwa ameivaa.

Miwani peke yake ni dawa ya jicho vivu. Uoni huendelea kupanda kwa majuma 16 hadi 18, na baadhi ya watoto hufikia usawa bila kitu kingine. Kwa hiyo daktari akikuambia "avae kwanza, turudi baada ya wiki sita hadi nane", hakufukuzi. Kuziba huanza pale uoni unapoacha kupanda, au mapema kidogo ikiwa jicho liko nyuma sana.

Na linalozibwa ni jicho zima, la kulia. Jirani yako anafikiri kama mtu aliyeteguka mguu: apumzishe. Jicho la kushoto limepumzika mwaka mmoja na nusu, ndicho kilichomfikisha hapa. Likizibwa, ubongo hulisahau kabisa. La kulia likizibwa, ubongo unakosa njia ya mkato.

Saa ngapi? Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2003 kwa watoto wa chini ya miaka saba yalionyesha kwamba jicho lililo nyuma kiasi, tuseme 6/12 hadi 6/24, saa mbili kwa siku zinatoa matokeo sawa na saa sita. Lililo nyuma sana, saa sita zinatoa matokeo sawa na kuziba kutwa. Hakuna sababu ya kumtesa mtoto kwa zaidi ya hapo bila kuagizwa. Plasta ibandikwe kwenye ngozi, chini ya miwani. Kitambaa kinachoning'inizwa kwenye lenzi huacha mwanya pembeni, na mtoto wa miaka minne huupata mwanya huo kabla hujageuka. Ukikosa plasta za watoto, kunja gozi laini (kitambaa cha kufungia vidonda) itoshee juu ya kope lililofungwa, ibandike kwa plasta ya karatasi. Bandika kabla ya kumpaka mafuta, ngozi ikiwa kavu. Kwa joto na jasho la kaskazi hapa kwetu bora iwe saa za asubuhi au ndani penye kivuli. Wakati wa kubandua lainisha gundi kwa mafuta ya nazi, usivute kavu, na kila siku ubadilishe kidogo mwelekeo wa plasta ngozi isichubuke.

Saa hizo mbili mpe kazi ya macho na vidole: kuchambua choroko, kutunga shanga, kupaka rangi, kutazama picha kwenye simu ikibidi. Asitoke barabarani na plasta usoni. Jicho alilobaki nalo bado ni dhaifu, na baiskeli na bodaboda za mjini hazimngojei mtu.

Asipokubali plasta kabisa, atropini ya 1% kwenye jicho zima, tone moja Jumamosi na moja Jumapili, hufanya kazi inayokaribiana sana na kuziba kwa jicho lililo nyuma kiasi. Hulifanya jicho zima lisione vizuri karibu, dhaifu likapata nafasi. Masharti ya dawa ni yale niliyoyataja.

Miadi usiikose, kwa sababu kuziba kupita kiasi kunaweza kulidhoofisha lile zima. Wiki sita hadi nane mwanzoni. Macho yakilingana, plasta haiachwi ghafla: ya saa sita hushushwa hadi mbili, ndipo iachwe, kisha uoni uendelee kupimwa. Takriban mtoto mmoja kati ya wanne huteleza tena ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kuacha, na akiwahiwa hurudishwa.

Upasuaji una mahali pake, ila siyo mwanzo. Akishavaa namba kamili kwa miezi mitatu hivi, jicho linapimwa miwani ikiwa usoni. Likinyooka, upasuaji haupo. Likibaki limeingia kiasi kikubwa, kinachorekebishwa ni kile kilichobaki tu. Ukimpasua mtoto kwa kiasi chote kinachoonekana bila miwani, siku atakapovaa miwani jicho litakwenda nje. Upasuaji huo hulegeza au kufupisha misuli inayoshika jicho kwa nje. Jicho halitolewi mahali pake, kama watu wanavyosimuliana, na hufanyika kwa nusukaputi. Atafungishwa chakula saa sita kabla. Kosa la kumpa uji alfajiri kwa huruma huahirisha safari yote. Jicho huwa jekundu wiki mbili hadi nne, na muda huo asiingie baharini Raskazone wala popote. Miwani inabaki, na jicho vivu linabaki na tiba yake. Kisu hakigusi ubongo. Baadhi ya watoto huhitaji kupasuliwa mara ya pili.

Kuna wanaonyooka mbali kwa miwani lakini karibu wakaingia. Hao hupewa lenzi ya sehemu mbili. Mweleze fundi kwamba kwa mtoto mstari unapita katikati ya mboni. Akiuweka chini kama wa mzee msoma gazeti, mtoto hautumii kamwe.

Hayo yote ni kwa makengeza yaliyokuja polepole. Jicho likigeuka ghafla kwa siku moja mbili, likashindwa kwenda nje, kope likaanguka, au pakawa na kichwa kumuuma asubuhi, kutapika, homa au kuona viwili viwili, hiyo huenda ni habari ya ubongo na ni ya siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Mdogo wake mpeleke naye Bombo siku ile ile. Akiwa na miezi minane macho yanapaswa kuwa yamenyooka muda wote. Kuyumba kidogo husameheka hadi mwezi wa tatu au wa nne tu. Amulikwe mboni zote mbili, na kwa kuwa dada yake ana tatizo, naye apimwe kwa matone, hata kama daktari ataona ni bora angoje afikishe mwaka. Mwezi ujao anatimiza miezi tisa: chanjo ya surua-rubella asiikose, kwani surua hula akiba ya vitamini A mwilini, na konea ya mtoto, kile kioo cha mbele cha jicho, inaweza kuyeyuka ndani ya siku chache. Angalia na kadi yake kama alipewa tone la vitamini A la miezi sita, lile la vipimo 100,000. Kama halijaandikwa, mwambie muuguzi kabla hujaketi foleni ya macho.